Besi Wetu na Daftari la Nyanya
Hapa Ilula msimu wa nyanya matenga hupangwa kando ya barabara kuu iendayo Morogoro, na madalali hupanga bei. Shamba la usharika wetu lilipaswa kulipia ada ya wasichana wawili wanaosomea uuguzi. Nani asimamie mauzo? Aliyejua hesabu kuliko sote ni besi wa kwaya, na besi hawapatikani ovyo!

Tukasoma Matendo 6. Kazi ilikuwa kugawa chakula tu, lakini mitume waliagiza watafutwe watu saba waliojaa Roho na hekima. Tukaomba siku tatu, kisha tukamwuliza mwenyewe, jambo ambalo makanisani husahaulika sana. Akajibu, “Nipeni daftari.” Jumapili iliyofuata tuliimba bila besi. Ada ilitimia kabla muhula haujafunguliwa.