Rosa Bila Kurasa za Mwisho

Nakala ya Rosa Mistika tuliyoisoma bwenini ilikuwa imevalishwa karatasi ya kalenda, na kurasa zake za mwisho zilikuwa zimechanika. Riwaya hiyo ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku mashuleni, nasi tukazidi kuitafuta. Ilizunguka kwa siri kati yetu wasichana wa Tarime, na kwa kuwa mwisho haukuwapo, kila mmoja alitunga wake. Yupo aliyemwoza Rosa kwa Charles, yule kijana ambaye barua yake ilimponza binti wa watu akachapwa na baba yake, Zakaria. Mwenzangu wa kitanda cha juu alikataa katakata. Rosa wake alikwenda Mwanza, akafungua duka la vitambaa, akawasomesha wadogo zake. Tulimwomba auhadithie tena na tena mwisho huo, naye hakukosa la kuongeza: cherehani, mteja mkorofi, pesa zilizofichwa kwenye kopo la majani ya chai.

Kitabu kizima nimekipata ukubwani, hapa Mugumu nilikoolewa. Mwanangu alikinunua Dar es Salaam akanitumia kwa basi pamoja na vingine, maana maduka ya hapa huuza madaftari na vitabu vya darasani; riwaya ni nadra. Nikafika pale kurasa zetu zilipokuwa zimeishia, nikaendelea, nikasoma jinsi Rosa anavyojitoa uhai. Aliyenijia akilini ni yule mwenzangu. Likizo moja ya Desemba, msimu wa tohara, alikwenda kwao. Januari kitandani kwake alilala mtu mwingine. Alikuwa amekeketwa, akaozwa. Siku hizi msichana akitoroka kuna nyumba salama, Masanga kule Tarime na hapa Mugumu. Enzi zetu angetorokea wapi?

Katika kifurushi hicho mlikuwa na Peponi ya Abdulrazak Gurnah, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis kwa Kiswahili kitamu. Niliimaliza upesi. Askari wa Mjerumani walipotokea mle nilifikiria ngome yao ya Ikoma, hapa hapa wilayani Serengeti, nikamwonea huruma Yusuf, mtoto aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake.

Lakini kilichonikaa moyoni ni Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka cha Aniceti Kitereza. Mzee huyo wa Ukerewe, ng'ambo ya maji tu kutoka kwetu Mara, alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakupata wa kukichapa, akakigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, kikatoka 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Miaka 35 ya kungoja! Na kitabu chenyewe hakina haraka hata chembe. Bugonoka hajajaliwa mtoto aliye hai, wazazi wake wanakuja kumchukua, na Myombekere atalazimika kuwapelekea wakwe pombe ya ndizi ndipo arudishiwe mke.

Nyumbani kwetu habari ya ugumba ilikuwa na njia yake. Bibi mkubwa hakuzaa, basi kwa desturi yetu Wakurya ya nyumba ntobhu alitoa ng'ombe akamwoa msichana, na msichana huyo ndiye aliyemzaa baba. Nilikua miguuni pa bibi mkubwa, nikimpepetea ulezi na kumtafutia kiberiti, na mambo hayo mtoto hakuyauliza. Sasa ningemsomea pale Bugonoka anapoondoka kwa mumewe, nimsikie akibishana na Kitereza, kwa sababu hakuweza kusikia habari za wanawake zikisimuliwa na mwanamume akanyamaza. Ningemwuliza kama mkewe alimchagua mwenyewe au ukoo ulimletea, na siku ya kwanza waliitana nani.

Nimempigia shangazi aliyebaki Nyamwaga. Anasema alikuwa mdogo mno. Anachokumbuka ni kwamba ng'ombe mmoja wa mahari alichechemea, wakwe wakamkataa, na bibi mkubwa akaenda kumbadilisha mwenyewe kwa miguu, huku akiwatukana njia nzima.