Mkanda wa Kisiagi

Nilipoacha chuo sikumwambia mtu. Nilishuka boda hapo Lurambi, nikaingia kwa kisiagi cha mjomba. Hakuuliza mengi. Alinipa spana.

"Mkanda wa feni unalia. Kaza."

Hiyo feni ndiyo huvuta unga kutoka kwa nyundo hadi juu kwa saikloni. Mkanda ukilegea, unateleza, unapata moto, na unga unajaa chini huku foleni inanuna. Nilizima stima, nikalegeza bolti za mota, nikaivuta nyuma hadi mkanda ukakaza kama waya wa gitaa. Kelele ikaisha. Nikajiona injinia.

Siku ya tano beringi iliungua.

Mjomba hakufoka. Alibonyeza mkanda katikati na kidole gumba. "Lazima ushuke kidogo. Ukikaza sana, si mkanda tu unaoumia. Beringi pia inaumia." Baadaye nilisoma kipimo chenyewe: kama milimita 16 kwa kila mita moja kati ya puli na puli. Na mkanda mpya hukazwa tena baada ya siku moja hivi, maana hurefuka.

Beringi mpya nililipa mimi. Mjomba akaangalia zile noti.

"Hii pesa ni ya nani?"

Ilikuwa karo. Mama alikuwa bado anatuma.

Jioni hiyo nilimpigia. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza imebaki ngapi. Nikamwambia. Hatujawahi kuongea ukweli mfupi hivyo.

Siku hizi, kabla ya kuwasha, mimi hubonyeza kwanza.