Mgonjwa Haulizwi Uji

Ukitaka kumtambua mtu wa rika langu aliyekulia Gusii, Kenya, mtajie tu chupa ya dawa ya kikohozi. Atacheka. Enzi hizo zahanati ilikuwa na dawa lakini haikuwa na chupa, kwa hiyo kila mtu alikwenda na yake. Nyingine ilikuwa ya soda, nyingine ya mafuta ya taa iliyosuguliwa kwa mchanga na majivu hadi harufu iishe, na kizibo chake kilikuwa kipande cha gunzi. Dresa, mhudumu wa zahanati, aliinusa kwanza. Ikinuka mafuta, ulirudi mtoni kuiosha upya. Ikifaulu, alikumiminia dawa ya rangi ya waridi kutoka kwenye jagi kubwa, tamu kama sharubati. Tamu kiasi kwamba watoto wengi walifika nyumbani na chupa nusu, na kikohozi kilekile.

Jimiminie chai, iko moto, na ni ya milima yetu. Nataka nikusimulie jinsi tulivyotibiwa huku Kisii na Nyamira, maana siku hizi kila ninapoketi, sokoni, kanisani, hata matangani, mazungumzo ni ya bima ya afya. Vijana wanabishana kana kwamba jambo hili limeanza juzi.

Tata, baba yangu, alikuwa akituambia kwamba wakati wa mkoloni mtu alilipa shilingi 5 kwenye kituo cha afya. Shilingi 5 ya wakati ule haikuwa pesa ya kuchezea. Mwaka wa 1965 serikali mpya ikaifuta ada hiyo, kama chama cha KANU kilivyokuwa kimeahidi. Kwa wazee wa kijijini kwetu, hapo ndipo Uhuru ulipopanda mlima ukafika. Bendera waliiona siku ya sherehe, ikashushwa, ikakunjwa. Sindano ya penisilini ya bure waliihisi wenyewe.

Sokoro, babu yangu, alichelewa kuiamini hospitali. Hospitali kubwa ya Kisii ilianza mwaka wa 1916, wakati wa vita vya Wazungu, kwa ajili ya wanajeshi. Miaka miwili kabla yake Waingereza na Wajerumani walikuwa wamepigana Kisii hapo hapo, Septemba 1914, na wazee walikuwa bado wanaisikia mizinga masikioni. Sokoro aliiona kuwa nyumba ya askari, na mtu asiye askari anatafuta nini humo? Yeye aliwaamini ababari, mafundi wetu wa jadi waliofungua fuvu la kichwa kwa vifaa vyao vidogo, wakaondoa maumivu, na mgonjwa akaishi. Usitabasamu. Madaktari wa vyuo vikuu walikuja kuwaandika mafundi hao vitabuni kwa mshangao.

Mimi nilikulia upande wa Manga, kwenye ule ukingo ambao hewa ikitakata unaliona ziwa likimeremeta kwa mbali. Zahanati yetu ilikuwa na chumba cha dawa, chumba cha sindano na baraza lenye benchi refu, lililong'arishwa na makalio ya vizazi. Harufu yake ilikuwa ya spiriti, sabuni nyekundu na koti lililonyeshewa mvua. Ndani, sindano za kioo zilichemshwa kwenye sufuria juu ya jiko la mafuta, na zilipoanza kugongana ndani ya maji, kli-kli-kli, benchi zima la watoto lilinyamaza. Akina mama walisubiri na vikapu vya mboga za chinsaga na rinagu miguuni, wakipashana habari za ndoa na mipaka ya mashamba. Zamu yako ilipofika, dresa alikuwekea kiganja kwenye paji la uso na kuuliza, "Unaumwa wapi, mtoto wangu?" Hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza. Mengine yote yalifuata.

Nisikudanganye kwamba mambo yalikuwa mazuri yote. Surua ilituvunia wenzetu darasani. Na kufika hospitali kubwa kulikuwa safari. Mgonjwa mahututi alilazwa kwenye machela ya blanketi na miti miwili, wanaume wakapokezana mabegani kushuka na kupanda utelezi, kwa sababu mvua yetu haikosi miadi yake ya alasiri. Watu walewale waliokuwa kwenye egesangio, kikundi cha kulimiana mashamba kwa zamu, ndio waliobeba machela. Ukibahatika, mnakutana barabarani na lori la majani chai, na mgonjwa anafika Kisii akiwa amelala juu ya magunia, ananukia chai mbichi.

Mwaka wa 1980 nilijifungua binti yangu wa kwanza katika hospitali ya serikali. Nilikuwa mwalimu kijana, nywele nimezisuka, hofu imenijaa. Sikuulizwa senti. Ninachokumbuka zaidi ni alfajiri yake. Sista mmoja, mwanamke mnene mwenye sauti nzito, aliingia na kikombe cha bati cha uji wa wimbi, moto unafuka, akaniwekea mkononi na kusema, "Kunywa, mama." Hakuniuliza kama nina njaa. Waswahili walishasema mgonjwa haulizwi uji, na yule sista alilijua hilo kwa mikono yake.

Kisha ikaja Desemba 1989. Serikali ikasema hazina haitoshi, kila mtu achangie gharama. Sababu zilielezwa redioni kwa lugha ya madeni na uchumi, lakini kwetu zilifika kwa sura ya kuku. Siku ya soko pale Daraja Mbili ungemwona mama amemkumbatia kuku, mtoto mgongoni anahema, na wanunuzi walijua kabisa kwamba huyu hawezi kungoja bei nzuri. Septemba 1990 ada ya wagonjwa wa nje ikasimamishwa, watu wakashukuru Mungu. Mwaka wa 1992 ikaanza kurudi, hatua kwa hatua. Hapo ndipo tulipojifunza kwenda hospitali na daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma, ili daktari apate mahali pa kuandika ugonjwa wako. Ninayo bado madaftari ya watoto wangu. Ukurasa mmoja una hesabu za kugawanya, unaofuata una malaria.

Malaria nayo, tazama, ilichagua miaka hiyohiyo. Wazazi wetu waliijua kuwa homa ya watu wa ziwani. Ukiteremka kwenda Kendu Bay ulirudi nayo, lakini haikukaa nyumbani. Miaka ya tisini ikapanda mlima. Mvua kubwa zikipita tu, nyumba baada ya nyumba zilikuwa na mtu anayetetemeka chini ya mablanketi. Tulimeza klorokwini, na aliyewahi kuimeza hatausahau usiku wake. Ulijikuna kwa kucha, kwa gunzi, kwa ukuta wa nyumba. Ungepita barabarani usiku ungesikia boma zima linajikuna. Tulicheka asubuhi, kwa sababu aliyejikuna alikuwa ameamka hai. Si wote walioamka, na waliochelewa mara nyingi walichelewa kwa kutafuta pesa kwanza.

Binti yangu yule wa 1980 alijifungua mwaka wa 2003. Hospitali sitaitaja. Tulipewa orodha: glovu, pamba, wembe, beseni, dawa ya kusafishia. Nilizunguka maduka ya dawa ya mjini nikiwa na karatasi ile mkononi huku yeye ana uchungu. Mtoto alizaliwa salama, msichana, lakini mama yake alikaa wodini siku zaidi kwa sababu bili ilikuwa haijaisha. Mume wangu aliuza ndama dume. Majirani walileta walichokuwa nacho, na kanisani jogoo mmoja akapigwa mnada mara nyingi, kila anayemnunua akimrudisha auzwe tena, mpaka jogoo mwenyewe akaonekana kuchoka. Tuliimba tukirudi nyumbani. Hata hivyo usiku nilikilaza kitoto kile kifuani nikajiuliza kwa nini kuzaliwa kwake kumekuwa deni.

Mwaka uliofuata, 2004, ada zikapunguzwa: shilingi 10 kwenye zahanati, 20 kwenye kituo cha afya. Tarehe 1 Juni 2013 nazo zikaondolewa, na kujifungua katika hospitali za umma kukawa bure. Nilimwona mkunga wetu wa kijijini, bibi aliyewapokea nusu ya watu wa mlima wetu, akiwasindikiza wajawazito hadi barabarani wapande pikipiki waende hospitali. Nilimuuliza kama haoni uchungu kupoteza kazi. Akanijibu, "Mwalimu, mimi nilikuwa nashika watoto kwa maombi. Kule wana damu ya kuongeza." Wodi zikafurika. Kisii iliwapokea wetu na wa kutoka Migori, Homa Bay na Transmara, na wauguzi wakalemewa. Mwaka wa 2017 madaktari walikuwa wamegoma, kisha wauguzi nao wakagoma miezi mitano, na tukaelewa kwamba huduma bila malipo kwa mgonjwa bado ina mtu anayeilipia, hasa kwa mgongo wake.

Sasa tuko kwenye bima. Sisi walimu tuliijua NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, tangu zamani, maana ilianzishwa mwaka wa 1966, na mchango ulikatwa kwenye mshahara kabla hujauona. Mkulima aliyejiunga kwa hiari alikuwa akilipa shilingi 160 kwa mwezi, na mwaka wa 2015 ikapanda hadi 500. Tarehe 1 Oktoba 2024 ikaja SHA, mamlaka ya afya ya jamii, ikachukua nafasi yake. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara anapimwa kwa maswali ya simu, nyumba yako ina paa gani, choo gani, mnapikia nini, na hawezi kulipa chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Tena ilipoanza alitakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa pamoja. Mjukuu wangu alipokuwa akimsajili jirani yetu mzee kwa *147#, alimuuliza yuko na watu wangapi nyumbani. Bibi akakataa katakata. Watoto hawahesabiwi, kwani ukiwahesabu unawaonyesha kwa kifo. Ilibidi mjukuu awahesabu kimoyomoyo kwa kuwatazama wakipita uani.

Maoni ya watu, ukitaka kuyasikia, panda matatu kutoka Keroka hadi Nyamira. Kijana wa bodaboda atakuambia, "Nilipe nikiwa mzima, na nikiugua niambiwe dawa nikanunue nje?" Mkulima wa chai atakuuliza kwa nini shilingi 3,600 zitakiwe Machi wakati bonasi yake hutoka Oktoba. Halafu mama mmoja wa kiti cha nyuma, anayekwenda kusafishwa damu kwa mashine kila wiki, atasema polepole, "Mimi bila kadi hiyo mngekuwa mmenizika." Na matatu yote hunyamaza, kwa sababu hakuna anayesema uongo kati ya hao watatu.

Nilimpeleka jirani yangu yule kwenye kituo kimoja, presha imempanda. Amechuma chai tangu msichana, na vidole vyake vimelainika na kuwa vyeusi kwa utomvu. Kifaa cha kusoma alama za vidole kikakataa kidole gumba. Kikakataa cha shahada. Mhudumu alikuwa binti mpole, akamfuta vidole kwa kitambaa chake mwenyewe, akajaribu tena na tena, macho yake kwenye skrini. Bibi alikaa ameinua mkono wake juu, akingoja kutambuliwa. Maisha yote vidole hivyo vimeipatia nchi hii fedha za kigeni. Hatimaye afisa wa kliniki alitoka chumbani, akamwona anavyohema, akamchukua ampime kwanza. Nilitaka kumkumbatia.

Yule msichana wa 2003 alijifungua mwaka jana. Mumewe alikuwa hajalipa, tukachanga kwa simu jioni moja, na mambo yakaenda. Nisiseme uongo, alilala kitanda chake peke yake, chumba kilinukia usafi, na mtoto alichanjwa kabla ya kutoka. Mimi na mama yake hatukupata yote hayo. Ila neno la kwanza aliloambiwa mlangoni, akiwa ameshika kiuno, lilikuwa, "Nambari ya kitambulisho." Najua dunia haiwezi kurudi kwa dresa na jagi lake. Kumbukumbu za kompyuta ni bora kuliko daftari la hesabu, na dawa za leo hazimwashi mtu usiku kucha. Lakini kile kiganja kwenye paji la uso nacho kilikuwa matibabu, na kimeondoka bila kuagwa.

Kuna jambo linalonipa moyo. Kijijini kwetu yuko mhudumu wa afya ya jamii, mmoja wa wale 100,000 waliokabidhiwa mikoba yao mwaka wa 2023. Anakuja na kipimo cha presha na cha sukari, anaketi jikoni, anauliza habari za kuku kabla ya kukufunga mkono. Na akina mama wa chama chetu tumeamua kwamba sehemu ya mchango wa kila wiki itawalipia SHA wajane na wakongwe. Ni egesangio ileile, imeacha jembe ikashika simu.

Kwa hiyo nitalipa, na nitawahimiza wengine walipe, maana nimeyaona maisha ya kuuza ndama usiku. Nikiwa nimelipa, ninayo haki ya kudai dawa ziwepo, muuguzi alipwe mshahara wake, na mgonjwa apokelewe kabla ya kuandikwa. Nawe, kabla hujamaliza kikombe hicho, fikiria ni mkongwe gani wa jirani yako ambaye hajasajiliwa. Mwendee kesho asubuhi. Simu yako inatosha, na akikataa kuhesabu wajukuu, wahesabu wewe wakipita.