SIMBO YETU, SEHEMU YA 5: MWEZI UKIWAKA

Nimetoka zamu ya usiku, nimelala kidogo, nimekula ugali wa muhogo na mgebuka, sasa niko barazani. Wiki iliyopita mmoja wenu aliniuliza, "Nesi, hiyo Simbo unayoitaja kila siku ikoje?" Leo namjibu. Ila jibu lina kosa langu ndani yake, mnivumilie.

Ukimtajia mtu wa mbali Kigoma, atakutajia Ujiji, pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Ujiji ilikuwa kubwa kwa sababu misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilifikia pale. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, shughuli nyingi zikaifuata bandarini. Huku kwetu ndivyo ilivyo, njia ikihama na mji unahama. Simbo nayo ni mtoto wa njia. Hapa ndipo inapoanzia barabara ya Simbo–Ilagala–Kalya, inayokwenda kusini kuufuata mwambao wa Ziwa Tanganyika.

Kwa hiyo ukikaa barazani kwangu asubuhi unaona maisha yote yanapita. Bodaboda zina madumu ya mawese, magunia ya muhogo, dagaa, mama na mtoto mgongoni. Nyuma ya nyumba akina mama wanachemsha mchikichi kwenye pipa, wanakamua, na mise hawatupi, wanaanika kwa ajili ya mafuta mengine. Moshi ule umeingia hadi kwenye sare zangu za kazi. Mawese yale mekundu ndiyo nawaambia kila siku muwawekee watoto kidogo kwenye mboga, yana vitamini A.

Lakini kuna kitu kimoja sikukielewa, pamoja na diploma yangu na miaka yangu ya wodini: hela ya huku inafuata mwezi.

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Usiku ukiwa na giza, dagaa wanaifuata taa, wavuvi wanajaza mitumbwi. Mwezi ukiwaka, taa haina kazi, wavuvi wanapumzika. Siku hizo mwambaoni mifuko inakauka. Mwenye duka anafungua daftari, mteja anasema, "Andika tu, giza likirudi nitalipa." Na mwaka 2024 uvuvi ziwani ulipofungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wazaliane, ukame huo ulikuwa wa miezi mitatu mfululizo. Samaki walihitaji kupumzika, sawa. Ila tumbo la mama mjamzito halipumziki.

Sasa kosa langu. Siku moja kliniki alikuja mama kijana kutoka kijiji kimoja cha huko mwambaoni. Mimba ya miezi saba, na hilo ndilo hudhurio lake la pili. Foleni ndefu, miguu imenivimba, nikamfokea mbele ya wenzake: "Mbona unakuja unapojisikia? Huyu mtoto si wako?" Aliinamisha kichwa, akasema, "Samahani nesi." Nikampa tarehe ya kurudi. Hakurudi.

Wiki kadhaa baadaye niko nyumbani, siku yangu ya mapumziko. Bodaboda ikasimama pale njia panda, watu wakaanza kuita, "Nesi yupo? Nesi yupo?" Nikatoka mbio na kanga moja. Mama alikuwa hawezi tena kukaa kwenye pikipiki. Tukamwingiza kwa bibi mmoja anayekamua mawese, hata pipa lilikuwa bado motoni. Bibi akatandika mkeka, akatoa kanga zake safi zote, akawafukuza vijana mlangoni. Mtoto akatoka, wa kike, akalia. Kondo la nyuma nalo likatoka. Ndipo nikaona damu inakuja, na haikomi.

Mama zangu, damu ya uzazi haina subira. Nikamweka mtoto kwenye ziwa la mama yake, nikawa nakanda tumbo ili mji wa mimba ukaze, huku namwambia yule bodaboda apige 115. Nilipouinua uso wa mama nimwangalie kama bado yuko na mimi, nikamtambua. Ni yule yule.

Gari lilikuja. Hospitali aliongezewa damu, akapona. Siku ya tatu nikaenda kumwona, nikamwomba msamaha. Akanijibu taratibu tu, "Dada, ile siku nilikuwa na nauli ya kuja, ya kurudi sina. Mwezi ulikuwa unawaka. Na tarehe uliyonipa mwezi ulikuwa unawaka tena."

Sikuwa na neno. Nimekaa Simbo miaka yote hii, nanunua dagaa kila wiki, bei naijua inavyopanda na kushuka, na sikuwahi kuangalia juu kabla ya kumwandikia mama tarehe.

Siku hizi namuuliza kila mama: hela ya nyumbani inatoka wapi, na inapatikana lini? Kama ni ziwani, tunapanga tarehe pamoja, iangukie siku za giza. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linapendekeza mahudhurio 8 kwa mimba moja. Yanawezekana, tukiyapanga na maisha ya mtu.

Na wewe unayesoma, popote ulipo, hela yako ina mwezi wake. Mwingine ni mavuno, mwingine mshahara wa mume. Ikiingia, toa ya nauli kwanza, hata kidogo, ifunge kwenye pindo la kanga yako. Mjue bodaboda mmoja wa kuaminika na namba yake. Mjue jirani atakayebaki na watoto. Hifadhi 115 kwenye simu ya kila mtu nyumbani, kuipiga ni bure, ni usafiri wa dharura wa mama mjamzito, aliyejifungua na mtoto mchanga. Na ukiona damu, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso kuvimba, homa, chupa kupasuka, au mtoto kupunguza kucheza, usisubiri tarehe ya kliniki wala giza. Ondoka saa hiyo hiyo, hata kwa mkopo.

Na nesi akikufokea, rudi. Rudi hivyo hivyo, umwambie ukweli kama yule mama alivyoniambia mimi. Wengine tunajifunza tukiwa tumechelewa.

Mtoto sasa anatambaa. Mama yake akipita kwenda mjini ananiachia dagaa kwa yule bibi wa mawese, hataki nilipe.

Kesho naingia zamu ya mchana. Niandikieni hapa chini, kwenu hela inafuata nini?