Sijasema huku kubaya

Kila jioni, kabla ya kula, bibi yangu huniuliza swali lilelile: "Huko kwetu mvua imenyesha?"

Kwetu ni Mamba, milimani, wilayani Same. Bibi ameishi huko tangu azaliwe, akilima tangawizi na maharage, hadi presha ilipomwangusha shambani na wazazi wangu wakamleta Dar es Salaam ili awe karibu na hospitali. Ana chumba chake, kitanda kizuri, na dawa anazipata kwa wakati. Mimi ni mwandishi wa habari za afya, kwa hiyo kazi ya kumpima presha na kuandika majibu kwenye daftari nimeachiwa mimi.

Siku moja nilirudi nimechoka na foleni. Aliponiuliza habari za mvua, nikamjibu kwa mkato: "Bibi, huku una maji ya bomba, una daktari, una wajukuu. Mvua ya Same ya nini tena?"

Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mjukuu wangu, sijasema huku kubaya. Nimeuliza mvua."

Maneno hayo yalinirudia wiki chache baadaye nikiwa kazini. Nilikuwa naandaa makala kwa ajili ya Siku ya Wachangia Damu Duniani, ambayo huadhimishwa kila Juni 14, nikitaka kueleza kwa nini damu ni lazima ipimwe kabla mgonjwa hajaongezewa. Katika kusoma, nikakutana na habari za daktari mmoja wa China, Gao Yaojie. Nilianza kumsoma kwa sababu ya damu. Nikaendelea kumsoma kwa sababu ya Bibi.

Dk Gao alizaliwa Desemba 19, 1927, katika jimbo la Shandong. Utotoni alifungwa miguu ili isikue, kama walivyofanyiwa wasichana wengi wa China ya zamani. Alisoma udaktari, akawa bingwa wa magonjwa ya wanawake katika jimbo la Henan, na akastaafu mwaka 1990.

Mwaka 1996, akiwa tayari mstaafu, aliitwa kutoa ushauri kuhusu mwanamke ambaye madaktari walishindwa kujua anaumwa nini. Dk Gao akashauri apimwe VVU. Majibu yakaonyesha ameambukizwa. Mwanamke huyo aliwahi kufanyiwa upasuaji na kuongezewa damu. Daktari yeyote makini angejiuliza alichojiuliza Dk Gao: kama ni damu ya hospitali iliyomwambukiza huyu, ni wangapi wengine?

Jibu lilikuwa vijijini. Katika miaka ya 1990, wakulima maskini wa Henan waliuza damu ili wapate ada za watoto, mbolea au fedha za kujengea nyumba. Wanunuzi walitaka plazma tu, yaani ile sehemu ya majimaji. Chembe nyekundu zilizobaki, za watu kadhaa wa kundi moja la damu, zilichanganywa pamoja, kisha wauzaji wakarudishiwa mwilini ili waweze kuuza tena mapema. Akiwamo mmoja mwenye virusi, aliwaambukiza wenzake bila mtu kujua. Vijiji vikajaa wagonjwa, kisha makaburi, kisha yatima.

Bibi huyu wa zaidi ya miaka 70 alizunguka vijiji hivyo kwa miguu ileile iliyofungwa utotoni. Aligawa dawa, fedha na vipeperushi alivyovichapisha kwa gharama zake mwenyewe. Viongozi wa eneo lile hawakufurahi siri yao kutoka nje. Alifuatiliwa. Alizuiwa kusafiri kwenda kupokea tuzo. Mwaka 2007 alizuiliwa hata kutoka nyumbani kwake, kabla ya shinikizo kutoka nje kusaidia akaruhusiwa kwenda Marekani kutuzwa. Wakati huo mumewe alikuwa amefariki, mwaka mmoja tu nyuma.

Agosti 2009 aliondoka China akiwa na miaka 81. Alitaka kuandika na kuchapisha aliyoyaona kabla hajafa, na aliamini kwao hataweza. Hakurudi tena.

Hapo nilisimama kusoma, nikamfikiria Bibi. Miaka 81 ni umri ambao kwetu mzee huletewa maji ya kunawa na wajukuu. Dk Gao aliuanza upya katika jiji la New York, katika nyumba ndogo ya kupanga, bila kujua Kiingereza, mbali na watoto wake.

Je, alikaa akilia? Hapana. Aliandika vitabu, kimoja baada ya kingine. Wanafunzi wa Kichina waliokuwa wakisoma huko walimtembelea, wakazungumza naye kwa lugha yake na kumsaidia kazi zake. Alijenga maisha mapya kwa kiasi ambacho mzee wa umri ule anaweza kujenga. Lakini aliacha maelekezo kwamba akifa achomwe, na majivu yake yatupwe katika Mto Njano, ule mkubwa unaopita Henan. Alifariki Desemba 10, 2023, siku tisa kabla ya kutimiza miaka 96.

Miaka ya New York haikuuondoa ule mto moyoni mwake. Na kuutamani mto hakukumfanya ashindwe kuishi New York. Nilikuwa nimeamini kuwa mambo hayo mawili hayakai pamoja, kwamba anayetamani kwao bado hajazoea ugenini. Bibi alikuwa ameshanieleza kwa maneno machache kwamba nimekosea.

Nikaanza kutafuta habari za Wachina wengine walioko uhamishoni. Wengi waliondoka baada ya Juni 4, 1989, jeshi lilipotumia risasi kuyazima maandamano yaliyoongozwa na wanafunzi jijini Beijing, katika Uwanja wa Tiananmen na mitaa inayouzunguka. Serikali ilitoa orodha ya viongozi 21 wa wanafunzi waliokuwa wakitafutwa. Wa pili katika orodha hiyo alikuwa kijana anayeitwa Wu'er Kaixi. Alitoroka kupitia Hong Kong, akafika Ufaransa, kisha Marekani, na mwisho akaishi Taiwan. Huko ameoa na kupata watoto.

Ukimtazama kwa nje, ni mtu aliyefanikiwa kuanza upya. Lakini wazazi wake walibaki China, wakanyimwa ruhusa ya kusafiri kwenda kumwona, na yeye haruhusiwi kuingia. Basi akaamua kujisalimisha. Alijaribu Macau mwaka 2009, Tokyo mwaka 2010, Washington mwaka 2012 na Hong Kong mwaka 2013. Mara zote nne, China haikumpokea.

Mzazi unayesoma hapa, hebu rudia aya hiyo taratibu. Huyu ni mtoto wa watu, mtu mzima mwenye familia yake, anayebisha hodi akiomba akamatwe, ili angalau awaone baba na mama yake, hata kama ni kwa kutembelewa gerezani.

Yupo pia mshairi anayejulikana kwa jina la Bei Dao. Maandamano yale yalimkuta akiwa Ulaya, na hakuweza kurudi. Mkewe na binti yake mdogo walikuwa Beijing, na ilipita miaka mingi kabla ya kuwa nao tena. Mwaka 2001 aliruhusiwa kuingia Beijing kwa sababu baba yake alikuwa mgonjwa. Alipofika, mji aliokulia haukuwapo tena. Mitaa ilibomolewa, majengo marefu yakainuka, akawa mgeni katika mji wake mwenyewe. Baadaye aliandika kitabu kizima kuirudisha Beijing ya utoto wake kwa maandishi, kwa kuwa kwa macho asingeiona tena.

Habari za watu hawa hazilingani na za Bibi, na sitaki kujifanya zinalingana. Kati ya Bibi na Mamba kuna basi la asubuhi na nauli. Kati ya Wu'er Kaixi na wazazi wake kulikuwa na dola nzima iliyofunga mlango. Lakini ndiyo sababu habari zao zilinichoma. Sisi mlango tulikuwa nao, na tuliufunga wenyewe, kwa nia njema kabisa.

Tunapenda kusema mwacha asili ni mtumwa, kisha tunamkasirikia mzee anayekataa kuiacha. Akisema anataka kwao, tunamwonyesha televisheni. Akizungumza kilugha, watoto wanacheka na sisi tunanyamaza. Tunayachukulia matamanio yake kama ugonjwa mwingine wa kutibiwa, au kama kukosa shukrani. Mimi mwenyewe nilikuwa na daftari lenye vipimo vyake vyote vya presha, lakini hakuna ukurasa hata mmoja ulioandikwa anachokitaka.

Jioni ile nilirudi nyumbani na swali ambalo lilikuwa limewagawa baba na baba mdogo kwa miezi kadhaa, wakilijadili sebuleni kwa sauti ya chini, mlango wa chumba cha Bibi ukiwa umefungwa: siku Mungu akimchukua, azikwe wapi? Baba mdogo alisema gharama za kusafirisha mwili ni kubwa na barabara ya milimani ni mbaya wakati wa mvua. Baba alisema hawezi kumzika mama yake ugenini. Mwenyewe hakuna aliyemuuliza. Tuliona ni kumtakia mabaya.

Nilimpima presha kwanza. Kisha nikamsimulia habari za daktari wa China, bibi mwenzake, aliyekufa mbali akauchagua mto wa kwao. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama yule bibi alikuwa na wajukuu. Ndipo nikamuuliza.

Hakushtuka hata kidogo. "Kule kwenye migomba, pembeni ya babu yako," alisema. "Nilidhani mnangoja nife ndipo mgombane."

Nikaandika kwenye daftari, na tarehe, chini ya kipimo cha siku ile. Nilipomwonyesha Baba, aliusoma ukurasa mara mbili, akampigia simu mdogo wake palepale. Wamekubaliana kuanza kuweka akiba kidogo kidogo. Daktari naye ameridhia Bibi aende Mamba kwa wiki mbili, mradi abebe dawa zake na mimi niende naye na kipimo.

Bado ataishi nasi Dar es Salaam. Ameshamzoea muuza samaki, na ana rafiki wa mtaa wa pili wanayekaa naye kibarazani. Anapapenda hapa. Ila sasa kila siku, kabla sijatoka ofisini, nampigia jirani yetu wa Mamba kumuuliza habari za huko, ili Bibi akiniuliza niwe na jibu.

Jana jibu lilikuwa hapana, haijanyesha, ni mawingu tu.

"Basi waambie wasipande kwanza," Bibi akasema, akavuta sahani yake.