Ndoo ya bluu

Nikiwa darasa la sita, kazi yangu ya Jumamosi ilikuwa kumwaga ndoo. Baba mdogo ni sonara. Kibanda kilikuwa Moshi mjini, lakini kazi chafu aliifanyia nyumbani Kibosho, nyuma ya jiko, "upepo upo". Mikufu iliyokatika aliiyeyusha pamoja na fedha, akaichemsha kwenye asidi ya nitriki. Fedha na shaba huyeyuka, dhahabu hubaki chini, unga wa kahawia usiovutia kabisa. Halafu anatumbukiza vipande vya waya wa shaba: fedha inajitenga, shaba inachukua nafasi yake. Yanabaki maji ya bluu, mazuri mno kwa macho ya mtoto. Hayo ndiyo niliyomwaga kwenye migomba, hatua chache juu ya mfongo.

Migomba mitatu ilikufa. Bibi alisema ni wadudu. Mimi kimya.

Miaka ishirini baadaye, nikiandaa makala ya dhahabu, mkemia mmoja alinichorea nyuma ya risiti ya chai. Yale maji ni nitrati ya shaba. Ukiyatia asidi ya salfuriki na kuyachemsha ndani ya chombo cha kioo chenye bomba la kupoozea, asidi ya nitriki inapanda kama mvuke, inageuka maji tena kwenye chupa ya pili, na inarudi kazini. (Si kazi ya jikoni, alinionya mara mbili.) Kinachobaki chini ni salfeti ya shaba.

"Yaani mrututu," akasema.

Nilicheka. Mrututu! Ukichanganywa na chokaa, ndiyo dawa ya bluu ambayo wazee wetu waliipulizia kahawa dhidi ya kutu ya majani. Shaba yake bado imo kwenye udongo wa mashamba ya zamani, kwa hiyo sisemi ni baraka tupu. Lakini huo una mnunuzi. Ndoo yangu haikuwa na mnunuzi.

Nilipanda Kibosho kumweleza. Alisikiliza mpaka mwisho huku akikohoa. Ule moshi mwekundu wa asidi ameuvuta miaka yote.

"Hicho chombo bei gani?"

Nikamtajia.

"Na asidi ninayomwaga inafika hata robo yake?"

Haifiki.

"Sasa hapo faida ya nani, mwanangu?"

Sikuwa na jibu, nikamwambia habari ya migomba.

"Najua," akasema. "Hata bibi yako alijua."

Ndoo ilikuwa palepale mlangoni, imejaa.