"Attend" si kungoja

Baba mmoja wa Bunagana, katika teritware ya Rutshuru, alivuka mpaka pamoja na familia yake mwezi wa sita 2022, wakati vita vilipofika kwao. Sasa wanaishi Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda. Kule Kongo alisoma kwa Kifaransa, na alifikiri Kiingereza hakitamshinda, kwa sababu maneno mengi yanafanana.

Siku moja ujumbe ulifika kwenye simu: wakubwa wote wa familia "must attend" siku ya tatu, saa mbili asubuhi. Akakumbuka "attendre" ya shuleni, ni kusema kungoja. Basi akabaki nyumbani, akangoja. Majirani walienda, karatasi zao zikatengenezwa. Mtoto wake mdogo, aliyezaliwa ukimbizini, akabaki nje ya karatasi ya familia. Kwa miezi miwili posho ilipimwa bila yeye.

Binti yake wa miaka 13, anayesoma kwa Kiingereza, ndiye aliyemwambia: "Papa, neno hilo maana yake ni kufika, kuwapo." Siku ile daftari likaanza.

Kila neno linapata mistari mitatu. Wa kwanza ni neno lenyewe. Wa pili ni maana kwa Kiingereza chepesi: "to be present at a meeting or a place". Wa tatu ni mfano kutoka nyumbani mwao: "My daughter attends school every day."

Baba aliuliza: mtu asiyejua Kiingereza ataelezwaje kwa Kiingereza? Binti akamwonyesha kamusi ya wanafunzi. Kamusi za namna hiyo hueleza kwa maneno ya kila siku. Ile ya Longman, iliyotoka 1978, ilieleza maneno yake kwa kutumia maneno 2,000 hivi tu. Ukiyashika hayo, mengine unayafungua mwenyewe.

Mfano nao unaonyesha neno linatembea na nani. Ni "attend school", bila "at" katikati. Tafsiri ya neno moja peke yake haionyeshi hilo.

Ukurasa wa mwisho wa daftari ni wa maneno yanayodanganya waliosoma Kifaransa. "Library" ni mahali pa kuazima vitabu, lakini "librairie" ni duka la vitabu. "Actually" ni kwa kweli, lakini "actuellement" ni wakati huu. "Sensible" kwa Kiingereza ni mwenye busara, kwa Kifaransa ni mwepesi wa kuguswa.

Ujumbe wa pili ulipofika, baba alikuwa mlangoni kabla ya jua kuchomoza. Mtoto aliandikwa. Tangu hapo, kila ujumbe ukiingia, anapita kwa majirani waliosoma Kifaransa kama yeye, anabisha hodi na kusema: "Ndugu, tusingoje. Twende."

Katika daftari, chini ya neno lile la kwanza, aliongeza mfano wake mwenyewe: "I did not attend, and my child did not eat."